Faili la Asubuhi

Kila siku saa mbili kamili, kabla chai haijamiminwa na kabla mtu hajaruhusiwa kulalamikia kiti chake, wasomaji saba wa ofisi ya udahili walisoma faili moja. Lilelile la jana, lilelile la juzi. Kila mmoja alikuwa na nakala yake. Aliisoma upya kana kwamba hajawahi kuiona, akaandika alama kwenye kikaratasi, akakikunja na kukisukuma katikati ya meza. Mkuu wa Udahili alivifungua kimoja kimoja na kuvilinganisha na vya jana. Ikiwa jana ulitoa sabini na leo umetoa sitini, basi ugonjwa uko kwako, si kwenye faili. Ulitolewa nje ukanywe maji, utembee, ugombane na mtu wa kugombana naye, kisha urudi mkono ukiwa umetulia. Wenyewe waliliita faili la asubuhi, na kwa desturi lilitoka kwenye maombi ya miaka iliyopita. Watu wa ofisi nyingine walicheka wee mpaka wakachoka, lakini Mkuu hakuwa na utani kwenye jambo hilo. Maombi yalikuwa mia nane arobaini na sita, nafasi za uuguzi mia na ishirini. Hakutaka mtoto wa mtu akose chuo kwa sababu msomaji fulani ameamka anaumwa jino.

Mkongwe wa meza ile alikuwa Mama Rula. Jina alilipata kwa ajili ya rula yake ya mbao, iliyofutika namba zote isipokuwa ishirini na mbili, ambayo aliiweka chini ya kila mstari na kuishusha taratibu mpaka mwisho wa ukurasa. Miaka kumi na tisa alikuwa akisoma hivyo, na hakuruka hata nukta. Mhadhiri wa hesabu, waliyemwita Profesa Nusu kwa kuwa hajawahi kutoa alama bila kuiongezea nusu juu yake, alipenda kumtania: "Huyu mama hata kadi ya harusi anaisoma kwa rula. Akifika kwa bwana harusi anatafuta pa kumkata." Zamani Mama Rula alikuwa akimjibu, tena kwa maneno ya kumtoa jasho. Siku hizi alitabasamu kidogo tu, kwa adabu, akarudi kwenye mstari wake.

Hizo siku hizi zilikuwa zimefika mwaka. Mdogo wake, wa tumbo moja, aliyekuwa amebaki naye peke yake duniani, alifariki hospitalini msimu wa udahili uliopita. Hakulia. Watu walimsubiri alie wodini, hakulia. Wakamsubiri makaburini, wapi! Wakasema ngoja wageni watawanyike, utamsikia. Wageni wakatawanyika, yeye akaosha vikombe vyote, akavipanga, na siku ya tatu akawa mezani na rula yake. Ndani yake kitu kilikuwa kimekufa ganzi, kama mguu ulioukalia muda mrefu, na kusema kweli aliona afadhali. Mguu wa namna hiyo haumsumbui mtu mpaka aanze kuunyoosha, na yeye hakuwa na mpango wa kuunyoosha.

Marehemu alimwachia binti wa miaka ishirini na mmoja. Alihamia kwa mama yake mkubwa na mabegi mawili na mto wa mama yake, akachukua chumba cha nyuma, na wawili hao wakaishi vizuri kabisa, kwa maana kwamba hawakugombana. Walipishana jikoni wakiambiana pole. Waliulizana kama mlango umefungwa. Juu ya marehemu walizungumza mara moja tu, siku ileile ya msiba, Mama Rula alipouliza, "Ulikuwepo?" Binti akasema, "Nilikuwa nimetoka kuchota maji." Basi, yakaishia hapo. Kwa mwaka mzima Mama Rula aliishi akijua kwamba mdogo wake alikata roho hana mtu, chumba kizima, huku yeye dada mtu akiwa ameinamia karatasi za watoto wa watu.

Huyo binti alikuwa ameomba uuguzi, chuo hichohicho. Na hapa pana jambo la kuelewa: chuo kilipokea matokeo ya mtihani yasiyozidi miaka mitatu, hata kwa siku moja. Miaka miwili ya binti ilikwisha akimuuguza mama yake, nyumbani kwanza, kisha wodini. Huu ulikuwa wa tatu. Asipopata sasa, vyeti vyake vingebaki vya kufunikia kabati, na ingembidi arudi kidato akakae na watoto wa miaka kumi na sita. Mwenye duka la dobi mtaani alikuwa ameshamwambia kuna kazi ya kukunja na kupiga pasi, ila alitaka jibu.

Mama Rula alipoona tu jina la binti kwenye orodha ya waombaji, alienda mwenyewe kuchukua fomu ya undugu. Kanuni ilikuwa wazi: msomaji mwenye ndugu miongoni mwa waombaji anasaini, faili linaondolewa kwenye meza yake na kupelekwa kwa kamati ya jengo la pili, naye haliulizii, halitaji, halisogelei. Akasaini. Alirudi nyumbani akamwambia binti kama mtu anayetoa zawadi.

"Nimesaini. Hakuna atakayesema umebebwa."

"Asante, Mama Mkubwa." Binti alikuwa anamenya viazi. Baada ya viazi viwili akasema, "Lakini si unaweza kuniulizia kama limefika? Kufika tu."

"Nimesaini, mwanangu."

"Haya."

Hawakuligusa tena.

Msimu ukaanza. Faili la asubuhi la mwaka huo lilikuwa la mwombaji wa kawaida tu, matokeo mazuri yasiyotisha, barua ya mwalimu isiyomwaga sifa, na kurasa mbili za maelezo binafsi. Kila jina la mtu, la shule na la mahali lilikuwa limezibwa kwa kalamu nzito nyeusi, kazi ya mtunza masijala, mzee mwembamba aliyenyooka wima na ndiyo maana akaitwa Msumari. Msumari alikuwa akiziba kwa roho moja. Hata mitaa alifunika. Hata jina la mbwa, mwaka mmoja.

Maelezo yenyewe yalihusu wodi. Loo, hapo hapakuwa na ajabu, maana kwenye mafaili ya uuguzi kila la tatu lina mgonjwa ndani yake. Mwandishi aliandika: *Mgonjwa wangu alilazwa siku arobaini na moja. Siku ya kwanza sikujua kutandika kitanda chenye mtu. Muuguzi wa zamu ya alfajiri alinifundisha: kona kwa kona, na mkunjo uangalie ukutani, mgonjwa asiulalie.* Ikaendelea hivyohivyo, kavu kama orodha ya vifaa. Namna ya kumgeuza mtu bila kumburuta. Viatu vya muuguzi gani vinalia na vya nani havilii. Na mwishoni: *Alifariki saa tano kasorobo asubuhi. Nilikuwa nimemshika kisigino, nakipaka mafuta, kwa sababu visigino ndivyo vinavyochubuka kwanza. Nilimalizia kukipaka. Kisha nikamwita muuguzi. Nikakunja shuka, nikalikabidhi, nikaweka sahihi.*

Asubuhi ya kwanza Mkuu alifungua vikaratasi. Sabini na mbili. Sabini na moja na nusu, huyo unamjua. Sabini na tatu, sabini, sabini na mbili, sabini na moja. Akafungua cha mwisho, akavua miwani, akaivaa tena.

"Hamsini na nane. Ya nani hii?"

"Yangu," alisema Mama Rula.

Anayepishana na wenzake zaidi ya alama kumi alitakiwa kujieleza. Mama Rula akaweka rula kwenye mwongozo. "Kuna alama kumi na tano za kujitambua. Nimempa mbili. Mwandishi hasemi alihisi nini. Mtu anakufa mkononi mwake, yeye anamalizia kupaka mafuta. Huyu tukimpa wagonjwa atawahesabu kama magunia."

"Mimi niliona amejikaza," alisema mwalimu mstaafu aliyekaa pembeni yake.

"Kujikaza hakuna alama kwenye mwongozo."

"Haya jamani," alisema Profesa Nusu. "Kumekucha."

Hakubadilika, wala wenzake hawakubadilika. Kesho yake hamsini na nane. Keshokutwa hamsini na nane. Kwenye mafaili mengine yote mkono wake ulikwenda sambamba na wa wenzake, akizidi moja, akipungua mbili, kama kawaida; kwenye hili tu alikuwa ameganda. Mkuu alimuuliza siku moja, nusu anacheka, "Mama Rula, hili faili limekukosea nini?" Akasema halijamkosea kitu. Na ndivyo alivyoona mwenyewe. Alilisoma bila hasira na bila huruma, asubuhi kumi na tano mfululizo, mpaka akawa analijua kwa moyo bila kukusudia, kama mtu anavyolijua tangazo la redio.

Ijumaa orodha ikabandikwa. Mama Rula hakwenda ubaoni. Alijua kwamba binti amekwenda, akakaa ofisini akipanga mafaili kwa namba, na aliporudi nyumbani akamkuta anafagia.

"Simo," alisema binti.

"Umeangalia vizuri?"

"Mara nne. Na wale waliokataliwa wamepewa barua zao pale dirishani. Yangu haipo pia. Yule mzee wa masijala akaniambia nirudi, labda itatokea." Akakusanya taka kwenye kizoleo. "Nimepita kwa dobi. Naanza Jumatatu."

Mama Rula alitaka kusema kitu. Alikitafuta kweli, akasimama pale na mkoba begani akikitafuta, kisha akasema, "Kuna chakula?" Kulikuwa na chakula, wakala.

Jumamosi walifua. Mchana mashuka yalikuwa yamekauka, nao wakasimama sebuleni wakiyakunja, mmoja ameshika ncha huku na mwingine kule, wakikutana katikati na kuachana. Kazi ya aina hiyo haihitaji mtu awepo kichwani. Mama Rula mikono ilikuwa inakwenda na mdomo unajisemea wenyewe.

"Kona kwa kona, na mkunjo uangalie ukutani."

Shuka likakaza. Binti alikuwa amesimama, hasogei.

"Umesema nini?"

"Mimi? Sijasema kitu."

"Umesema mkunjo uangalie ukutani."

"Ah, mambo ya kazini hayo. Kuna faili tumelisoma mpaka limetuingia kwenye damu. Vuta basi."

Binti hakuvuta. "Mgonjwa asiulalie," alisema.

Mama Rula akamtazama.

"Viatu vya muuguzi wa alfajiri vina soli ya mpira," binti aliendelea, sauti yake iko chini na imenyooka, "havilii mpaka sakafu iwe imepigwa deki. Mama Mkubwa, hayo ni maneno yangu. Hayo ni maelezo yangu ya maombi. Umeyapata wapi?"

Sasa mwingine hapo angepiga kelele, angejishika kichwa, angekaa chini. Mama Rula alilikunja shuka lile mpaka mwisho, yeye peke yake, akaliweka juu ya mengine na kulinyoosha kwa kiganja. Ndipo akasema, "Ngoja mpaka Jumatatu." Jioni yote na Jumapili nzima alikwenda na kurudi ndani ya nyumba kama mtu aliyesahau alichofuata. Sentensi moja ilikuwa imemkaa kichwani na hakuweza kuipeleka popote. *Nilikuwa nimemshika kisigino.* Binti hakutoka kuchota maji. Alikuwepo.

Jumatatu, saa mbili kasorobo, alikuwa mlangoni kwa Mkuu.

"Sikuja kusemea faili la mtu," alisema kabla hajakaribishwa. "Siruhusiwi. Nimekuja kukuambia kanuni ya undugu imevunjwa, na aliyeivunja ni mimi. Nimelisoma faili la mwanangu mara kumi na tano. Ni lile la asubuhi."

Mkuu alikuwa mtu mnene, mwema, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alicheka kwanza. Alipoona mwenzake hacheki, akamwita Msumari na daftari lake la masijala.

"Yaliingia mangapi?"

"Mia nane arobaini na sita," alisema Msumari, wima.

"Majibu yaliyotoka?"

Msumari alifunua ukurasa ambao ni wazi alishaufunua zaidi ya mara moja. "Mia nane arobaini na tano. Nilidhani moja ni nakala iliyojirudia, Mkuu. Hutokea."

"Na lile lililosainiwa undugu ulilipeleka jengo la pili?"

"Fomu niliibakiza daftarini, faili nikaliziba vizuri, nikaliweka kwenye trei la pembeni, lichukuliwe. Siku ya pili halikuwepo. Nikajua limechukuliwa."

Mkuu akavua miwani, ikaning'inia kifuani.

Lilikuwa limechukuliwa kweli, na aliyelichukua ni yeye. Mafaili ya mwaka uliotangulia yalikuwa yamehamishiwa ghalani, na Mkuu alipokuwa akitafuta la kufanyia zoezi aliona kwenye trei la pembeni faili moja, limezibwa kila kitu, safi, halina makali wala ulaini. Akasema huyu Msumari kanifikiria, kaniwekea la zamani. Akabandua kikaratasi cha namba, akaandika herufi A, akatoa nakala saba. Na kwa kuwa jengo la pili hawakuambiwa watarajie kitu, hawakuuliza. Na kwa kuwa Mama Rula alisaini, naye hakuuliza. Kila mtu alishika kanuni kwa mikono miwili.

"Limesomwa mara mia na tano," alisema Mkuu, kama anaongea na meza. "Chuo hiki hakijawahi kusoma faili kwa haki namna hiyo. Na hatukumjibu." Akavaa miwani. "Nafasi si tatizo, kila mwaka wawili watatu hawatokei. Tatizo ni alama. Ukomo ni sabini." Kisha akainua macho, akashusha sauti. "Mama Rula. Ukilisoma tena leo, ungempa ngapi?"

"Hilo ndilo swali nililosaini nisilijibu," alisema Mama Rula.

Akatolewa nje, wale sita wakaitwa ndani.

Kwenye korido kulikuwa na benchi la wazazi. Kwa miaka kumi na tisa alipita mbele ya benchi lile na hajawahi kulikalia. Lilikuwa fupi kuliko alivyodhani, likamkalisha magoti juu. Alishika rula mapajani. Mlangoni hakupita neno zima, ila sauti ya Profesa Nusu, iliyozaliwa kwa ajili ya kumbi kubwa, ilipenya vipande vipande. Profesa alikuwa hataki. Alikuwa anasema kwamba hamsini na nane imetolewa na mtu asiyejua anamsoma nani, sasa hapo upendeleo uko wapi? Kwamba kanuni iliwekwa kuzuia ndugu wasipandishe, na huyu ameshusha. Kwamba ukifuta alama kwa kuwa ni ndogo, kesho utafuta kwa kuwa ni kubwa. Mama Rula alisikiliza, na jambo la kusikitisha ni kwamba alimwona ana hoja. Kama angekuwa ndani, tena kwa faili la mwingine, angesimama upande wake.

Alipiga hesabu kichwani, hakuweza kujizuia. Wote saba pamoja na yeye: sitini na tisa na kitu. Wale sita bila yeye: sabini na moja na kitu. Akarudia kutoka chini kwenda juu, ikatoka vilevile. Binti wakati huo alikuwa kwa dobi, siku ya kwanza, anakunja.

Saa nne na nusu mlango ukafunguliwa. Mkuu alikuwa na karatasi moja.

"Kanuni haisemi ndugu asipandishe," alisema, "inasema ndugu asisome. Tumekubaliana watano kwa mmoja. Alama yako inafutwa, na kwa utaratibu anayeifuta ni aliyeitoa. Weka mstari, weka sahihi."

Mama Rula aliiweka rula juu ya hamsini na nane, akavuta mstari, akasaini pembeni yake. Profesa Nusu alipita nyuma yake akienda chai, akamgusa bega, akasema, "Mimi sina ugomvi na mtoto. Nimempa hata nusu." Na Mama Rula akasema, "Najua, mwalimu."

Barua hakupewa yeye. Barua huchukuliwa na mwenyewe dirishani. Alituma salamu kwa dobi, na saa nane binti akaja mbiombio, mikono inanuka wanga wa nguo, akasaini kwa Msumari. Msumari, mtu asiyetoa neno la bure, alisema, "Utuwie radhi, binti. Nilikuziba sana." Mama Rula aliona yote kutoka kwenye ngazi, hakusogea, kwa sababu saa za kazi zilikuwa hazijaisha.

Walikutana nyumbani, jua likiwa bado liko dirishani. Binti alikuwa ameiweka barua mezani imefunguliwa. Alikuwa ameshapika. Alikaa upande wa pili wa meza, akasubiri mama yake mkubwa avue viatu, aketi, anywe maji.

"Hongera, mwanangu."

"Asante." Akaisogeza barua kidogo, ikalingana na ukingo wa meza. "Mzee wa dirishani kaniambia wasomaji saba, wewe ukiwemo, kila siku. Wewe ulinipa ngapi?"

Angeweza kudanganya. Karatasi ilikuwa ofisini, na hata ingekuwa hapa, mstari ulikuwa umepita juu yake. Lakini mtu aliyesoma mafaili miaka kumi na tisa anapoulizwa alama, husema alama.

"Hamsini na nane."

Binti akatikisa kichwa kwamba amesikia. "Wengine?"

"Sabini na kitu, wote."

"Kwa nini?"

"Niliandika kwamba mwandishi hasemi alihisi nini."

Binti alicheka. Kicheko kifupi kabisa, kilichomtoka puani, na kilipokwisha hakikuacha kitu usoni. "Ningesemaje, Mama Mkubwa, wakati sikuhisi? Nilimalizia kupaka. Nilijua ameshaondoka, nikamalizia kupaka. Ndiyo maana nikakwambia nilikwenda kuchota maji. Niliona aibu."

Mama Rula alitazama mikono yake juu ya meza. Alikuwa na jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata mwenyewe hakujiambia kwa maneno, na sasa likatoka taratibu, mstari kwa mstari.

"Walinipigia saa tano. Muuguzi. Akasema njoo, mdogo wako amefariki. Nikasema sawa. Nilikuwa katikati ya faili. Nilimaliza ukurasa. Nikageuza, nikamaliza na wa pili. Nikatoa alama. Ndipo nikachukua mkoba."

Binti aliinua macho kutoka kwenye barua.

"Sitini na sita," alisema Mama Rula. "Mpaka leo naikumbuka."

Nje mtu alikuwa anaita mtoto aje kuoga, na mtoto hataki. Chakula kilikuwa kinapoa kwenye sufuria na hakuna aliyeinuka. Mama Rula alinyoosha mkono juu ya meza, ukapita juu ya barua, ukafika kwenye mkono wa binti, ukaushika. Ulinuka wanga.

"Kisigino kipi?" aliuliza.

"Cha kushoto."

"Kilikuwa bado kina joto?"

"Kilikuwa na joto," alisema binti. "Mpaka namaliza kilikuwa na joto."

Hapo ndipo Mama Rula alipolia. Alilia vibaya, bila mpangilio, mdomo wazi, kama mtu anayeunyoosha mguu uliokufa ganzi na kukuta maumivu yote yanamsubiri, na binti akazunguka meza, akapiga magoti, akamshika miguu yake miwili ndani ya soksi, wakakaa hivyo mpaka yule mtoto wa nje akakubali kuoga.